Kava la Gari la Nesi

Nimekabidhi funguo za karakana Ijumaa iliyopita. Vijana mlionifanyia sherehe mliniomba niandike namna nilivyopanda vyeo. Hilo halijazi hata nusu ukurasa, na hiyo nusu yenyewe ingewasinzisha. Nitaandika juu ya swali ambalo mmoja wenu aliniuliza nikiwa nakata keki: kwa nini kila gari lililolala uani kwangu nilitaka lipanguswe, likauke, ndipo livikwe kava, na kwa nini kila kava jipya nililigeuza nikalipapasa kwa ndani kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Mlidhani ni ukali wa uzee. Sivyo. Nilikuwa hivyo tangu ujana, na chanzo chake ni gari moja.

Nilifika kwenye shamba la mkonge, nje ya mji wa Kilosa, ng'ambo ya Mto Mkondoa, nikiwa na digrii ya fizikia, viatu vyenye visigino na maswali mengi kuliko nguo. Shamba lilikuwa limetoka mikononi mwa mwenyewe, mgeni, likawa mali ya umma. Chuoni tulikuwa tumezoea kuuliza. Tuliuliza nani anamiliki nini na kwa faida ya nani. Tuliuliza hata kama wali wa bwenini ulikuwa wa kijamaa. Nilidhani nimepelekwa kule nikaulize zaidi. Kumbe nilipelekwa nikahakikishe matrekta yanawaka.

Mtu wa kwanza kukutana naye karakanani alikuwa Mzee Shomari, fundi wa turubai na viti. Baba yake aliletwa na kazi ya reli, naye alijifunza kushona kwenye mabehewa ya stesheni ya Kilosa kabla ya Uhuru.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Unamtafuta nani?”

“Simtafuti mtu. Nimekuja kazini. Mimi ndiye ofisa mpya wa karakana.”

Alinitazama, kisha akatazama chini. “Basi karibu. Ila viatu hivyo havitafika Jumamosi.”

Vilikufa Alhamisi.

Siku hiyohiyo alinizungusha uani. Mashine ya maji, trela mbili, Landrova iliyokaa juu ya magogo ikisubiri vipuri kutoka nje ya nchi, na pembeni, chini ya mwarobaini, kitu kimevikwa nguo nzito ya rangi ya maziwa, kimefungwa kamba chini kama mzigo wa posta. Karibu yake palikuwa na banda zuri la matofali, na ndani yake watu wazima walikuwa wakisoma silabi kwa sauti, wote kwa pamoja.

“Banda hili lilikuwa la gari,” alisema Mzee Shomari. “Sasa ni darasa la kisomo. Gari likahamia nje.”

Akafungua kamba, akavuta ile nguo. Nilicheka kwa sauti. Lilikuwa gari dogo la milango miwili, lenye paa la turubai jeusi linalokunjwa nyuma, la matajiri wa kwenye picha za majarida.

“Gari la wazi? Hapa? Umma unalifanyia nini gari la kupunga upepo?”

“Maswali ya gari hilo muulize Nesi,” alisema, akaanza kulifunika tena.

Sikuhitaji kumtafuta. Nesi Agnes, mkunga wa zahanati ya shamba, alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, na habari zilimfikia kabla sijamaliza kucheka.

“Wewe ndiye uliyesema juu ya gari langu?”

“Nilidhani ni gari la umma, dada.”

“Ndiyo. Na umma wenyewe unazaliwa humo.”

Akafungua mlango. Kiti cha abiria cha mbele kilikuwa kimeng'olewa. Mahali pake palikuwa na godoro jembamba, kutoka kwenye dashibodi hadi kiti cha nyuma, ambapo mtu angeweza kulala amenyoosha miguu. Mwenye shamba aliliacha kwa kuwa liligoma kuwaka siku ya kuondoka. Halmashauri ya wafanyakazi iliona aibu kuwa nalo, ikataka likatwe na injini yake ifungwe kwenye pampu. Nesi akaliomba. Landrova ilipolala, likabaki hilo peke yake la kumpeleka hospitali mwanamke aliyeshindwa kujifungua zahanati. Halmashauri ilikubali kwa sharti: siku paa litakapovuja, gari litakwenda kwenye pampu, maana gari la wagonjwa linalonyeshewa mvua ndani ni dhihaka.

“Kiangazi sina shida,” Nesi alisema. “Hata paa likikunjwa, mtu atajifunika kanga. Lakini watoto wa hapa wanapenda kuja masika.”

Turubai la namna ile halikupatikana nchini. Lilikuwa na tabaka tatu: pamba juu, pamba chini, na mpira mwembamba katikati. Hapakuwa na fedha za kigeni za kuagizia vipuri vya trekta, sembuse kitambaa cha gari la starehe. Kwa hiyo usalama wa wanawake wa shamba zima, masika yakifika, ulining'inia kwenye nguo nyeusi iliyozeeka. Nilikwenda kulala nikiwa na hasira. Niliona si haki jambo kubwa hivyo kutegemea kitu chepesi hivyo. Bado naona si haki.

Kava lenyewe lilikuwa na historia. Kwanza walifunika gari kwa nailoni ya mbolea. Jua lilipopiga, gari lilitoka jasho usiku na mchana, na paa likaota koga nyeupe. Mzee Shomari akalisugua kwa brashi laini na sabuni ya mche, akasema nailoni isirudi. Ndipo mwenyekiti wa halmashauri aliposema kwenye mkutano: “Sisi tunalima mkonge. Dunia nzima inafunga mizigo yake kwa mkonge. Gari letu litavaa nini, kama si mkonge?” Watu wakapiga makofi. Wakachagua singa, zile nyuzi za mkonge, ndefu na nyeupe kuliko zote, wanawake wakazisokota, zikafumwa, na Mzee Shomari akashona kava ambalo wageni walikuwa wakipelekwa kulitazama. Lilipitisha hewa, halikutoa jasho, kivuli chake kilikuwa kizito. Lilikuwa jibu la kujitegemea, na mimi, niliyekuja kubisha kila kitu, sikuona pa kubishia.

Ila ndani yake palikuwa na manyoya meusi.

Niliyaona siku moja ya upepo, kava limegeuzwa juu ya majani. Vipande vidogo kama sufu, vimenasa kwenye singa.

“Mzee, hiki nini?”

“Vumbi.”

“Vumbi la hapa ni jekundu.”

“Binti, digrii yako ni ya vumbi?” Mafundi wengine wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilichukua kidogo nikakisokota kati ya vidole, kikawa uzi. Ulikuwa uzi wa pamba.

Saa sita mchana niliingia ndani ya gari, nikafunga milango, nikalala kwenye godoro la Nesi na kutazama juu. Sijui niandikeje. Juu ya kichwa changu kulikuwa na nyota. Zilikuwa ndogo mno, nyingi, zimefuatana kwenye mbavu za chuma zinazobeba turubai, zimejaa zaidi upande unaoelekea kwenye upepo wa milimani. Zilikuwa nzuri, na nilishikwa na hofu. Nilitoka nikamwita Mzee Shomari, nikamwomba alale nilipolala. Miguu yake ilibaki nje ya mlango. Alizifuata zile mbavu kwa kidole, moja baada ya nyingine.

“Mvua ndiyo iliyotoboa hivi?” aliuliza.

“Mvua haijaja. Matundu haya yametobolewa kiangazi hiki.”

“Na nani?”

“Na upepo. Unatikisa kava, kava linabeba mchanga, na mkonge ni mgumu kuliko pamba. Kila upepo ukivuma, kava linapiga msasa.”

Aliinuka, akaenda kulipapasa kava lake kwa ndani, kwa kiganja, taratibu, halafu kwa shavu. Alipoligusisha shavu ndipo alipoamini. “Kwa mkono wangu huu mgumu,” alisema, “ningeapa kuwa ni laini.”

Sasa nilichokiona katika wiki zilizofuata ndicho kilichonifundisha kufunga mdomo, angalau asubuhi. Mimi nilidhani ataweka viraka. Alikataa. Kila tundu la sindano, alisema, ni mlango mwingine wa maji. Mishono iliyolegea aliishona upya kwa kupitisha sindano katika matundu yaleyale yaliyotobolewa kiwandani, moja baada ya jingine, bila kuongeza hata moja, kwa uzi aliousugua nta ya nyuki mpaka ukawa unateleza kama samaki. Zile nyota alizifuata kwa ndani, mimi nikiwa nje na tochi nikimulika turubai. Yeye aliligusa kila tundu kwa kijiti chenye solushani ya kuzibia mipira ya baiskeli, akabandika juu yake kipande cha uzi wa pamba, kidogo kama kope. “Sogea,” alikuwa akisema. “Hapo. Imezimika.” Nilisimama pale nikimulika, na nyota zikazimika mbele yangu moja moja. Nilisomeshwa na maprofesa. Sikuwahi kuona mtu akiufuata ubovu wa kitu kwa uvumilivu ule.

Likabaki swali la kava. Lilihitaji kitambaa laini kwa ndani, cha pamba, kilichofuliwa hadi kikasahau ukali wa dukani. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi, viberiti na rafu tupu. Nguo zilikuja kwa mgawo, watu wakapanga foleni tangu alfajiri.

Nesi Agnes alikuja na shauri lake kliniki ya wajawazito. Nilikuwepo. Kila mwanamke anayekwenda kujifungua hubeba kanga zake, za kulalia na za kumpokelea mtoto. Akawaambia: yeyote aliyewahi kulala katika gari hili, na yeyote anayedhani huenda akalala, atoe kanga moja kuukuu.

Wengine walishika pindo za kanga zao. Kisha mwanamke mmoja wa kijiji cha Rudewa, aliyeolewa shambani, akasema, “Nesi, kanga kuukuu unayoisema, mimi ndiyo ninayokwenda nayo msibani.”

“Najua.”

“Gari livae kanga, mimi nivae nini? Turubai?”

Wakacheka wote, Nesi akiwa wa kwanza. Sikutegemea kitu. Niliwahi kuandika insha ndefu chuoni nikithibitisha kwamba watu maskini hawawezi kuombwa watoe zaidi, na nilipata alama nzuri. Asubuhi iliyofuata, kwenye kizingiti cha karakana, palikuwa na kanga zimekunjwa vizuri. Kila siku zikaongezeka. Zilikuwa zimepauka, nyingine huwezi kusoma maneno yake, nyingine zilinuka moshi wa jikoni, na zote zilikuwa safi. Yule wa Rudewa alileta mbili. “Moja yangu,” alisema, “na moja ya mume wangu, ingawa hajui.”

Mzee Shomari akazishona ndani ya kava la mkonge. Nje mkonge, ukikinga jua na vinyesi vya ndege. Ndani kanga, zikilala juu ya turubai bila kulikwaruza. Tukaweka taratibu. Paa lipanguswe vumbi kwanza, maana kava safi juu ya vumbi bado ni msasa. Paa lenye maji lisifunikwe wala kukunjwa. Kamba zipite chini ya tumbo la gari ili upepo usilitikise, lakini pindo liachwe wazi kidogo hewa ipite. Ndizo taratibu ambazo mmenilaumu kwazo miaka yote hii.

Masika yalikuja kwa ghadhabu. Siku ya tatu ya mvua isiyopumzika, Mkondoa ukala kingo zake na barabara ya kwenda mjini Kilosa ikakatika darajani. Siku hiyohiyo Tatu, binti wa mwisho wa Mzee Shomari, alishikwa na uchungu. Mumewe alikuwa safarini Morogoro. Nesi alimwangalia, akatoka akaniambia kwa sauti ya chini, “Mtoto amelala vibaya. Hapa siwezi. Washa gari.”

“Daraja limekatika.”

“Basi Mikumi.”

Barabara ya Mikumi siku za kawaida ilikuwa mbaya. Siku ile ilikuwa wazo tu. Tulimlaza Tatu kwenye godoro. Nesi akabanana nyuma ya kiti changu cha dereva. Ndipo Mzee Shomari alipofungua mlango na kujipenyeza kando yake, magoti yamegusa kidevu, mkononi kopo la solushani, sindano na uzi wenye nta.

“Mzee!” Nesi alishangaa. “Humu si mahali pa wanaume. Tena baba yake mzazi!”

“Simtazami mtu,” alisema. “Natazama paa.”

Na kweli, safari nzima hakushusha macho.

Mvua ilipiga turubai hata hatukusikiana. Nilikuwa najua kila uzi wa paa lile, nilijua lilivyo jembamba, na kila dakika nilingoja tone la kwanza shingoni. Nyuma yangu nilisikia Tatu akimwita mama yake aliyekwisha kufa, Nesi akimwambia apumue, na Mzee Shomari akinong'ona, sijui akiomba dua au akihesabu mishono. Mara mbili tulikwama, nikashuka kusukuma pamoja naye, na mara mbili alirudi kinyumenyume, macho juu.

Karibu na Mikumi, mvua ikiwa nyepesi kidogo, nilikata kona nikafunga breki. Tembo walikuwa wakivuka barabara. Walikuwa wakubwa, weusi kwa maji, hawana haraka yoyote. Nyuma yetu palikuwa na dimbwi tulilolipita kwa bahati, kurudi haiwezekani. Sikuzima injini, kwa kuwa sikuwa na hakika kama ingewaka tena.

Mmoja aliacha wenzake akatujia. Alisimama ubavuni hata dirisha likajaa ngozi yake. Kisha turubai juu yetu likabonyea. Mkonga ulilala juu ya paa, kati ya ubavu na ubavu, nasi tukaona umbo lake kwa ndani, likienda polepole, likisimama, likinusa, kama mtu anayepapasa kitoto kilicholala chini ya shuka. Uso wa Mzee Shomari ulikuwa karibu kabisa na pale. Aliinua kiganja, akakiweka chini ya turubai, bila kusukuma, mkonga upande wa pili. Nilisahau kuogopa. Nilisahau hata kwamba naendesha.

Tatu alifumbua macho. “Nini hicho?”

“Mvua, mama,” alisema Nesi.

“Nesi, mvua gani ina mkono?”

Mkonga ukaondoka. Dirisha likarudi kuwa dirisha. Tembo yule akawafuata wenzake, na mimi nikakanyaga mafuta kwa pupa hata gari likaruka kama chura. Mzee Shomari alipapasa turubai pale palipobonyea, ubavu hadi ubavu, kisha akatazama kiganja chake.

“Kikavu,” alisema.

Hospitali ndogo ya Mikumi ilimpokea Tatu bila kuuliza tunatoka shamba gani. Nesi aliingia naye. Sisi wawili tulibaki nje, karibu na barabara kuu, palipoegeshwa malori ya Iringa. Mvua ilikatika, jua likatoka kali kama halikuhusika. Nilitaka kukunja paa ili ndani kupate hewa. Mzee Shomari alinikataza kwa kichwa. Lilikuwa na maji. Akavua shati lake, akaanza kupangusa turubai kwa kugusagusa, bila kusugua, akiusikiliza mlango wa hospitali kwa mgongo. Nami, niliyekuja na maswali mengi kuliko nguo, nilishika pindo la gauni nikapangusa upande wa pili.

Madereva wa malori walikusanyika. Wengine waliligusa gari, wengine walichungulia godoro.

Nesi Agnes akatokea mlangoni, vazi lote limelowa, anacheka na kulia. “Mzee! Wa kike! Mama mzima, mtoto mzima!”

Mzee Shomari aliinamisha kichwa juu ya turubai, akakaa hivyo kidogo. Kisha akakamua shati, akalivaa lilivyo, akaanza kufunga vifungo, na vidole vile vilivyoshona katika matundu ya sindano vikashindwa kupata tundu la kifungo.

Dereva mmoja wa lori, ambaye hakuelewa lolote kati ya hayo, akauliza, “Mzee wangu, gari zuri namna hii, ilikuwaje likakosa paa la bati?”

“Bati ninalo nyumbani, mwanangu,” alisema Mzee Shomari, akiacha vifungo wazi na kuelekea mlangoni kwa mjukuu wake. “Linavuja.”